Mkonge wa mapambo wenye kingo za njano unaoza chini mvua zikianza, na maotea mengine yanatoka kijani tupu. Msaada, niko Tabora

bustani_ipuli
Wakuu habari za leo. Niko Tabora mjini, huku Ipuli, naomba ushauri kwa wanaojua maua ya sehemu kavu. Nina mkonge wa mapambo, ule mkubwa wa kijani katikati na kingo za njano, kitaalamu Agave americana marginata, nililetewa na shemeji kutoka Arusha ukiwa mche wa kukaa kwenye kopo la rangi, sasa umetanuka mpaka ukinyoosha mikono yote miwili huufikii upande wa pili. Kiangazi chote haukuwa na shida hata kidogo, mwezi wa kumi jua la hapa mnalijua lilivyo, kila kitu uani kilikauka wenyewe umesimama tu na rangi yake.

Shida imeanza na mvua. Tangu Desemba majani ya chini yamelegea, yamekuwa na rangi ya kahawia kama yamemwagiwa maji ya moto, ukibonyeza pale jani linapoungana na shina kidole kinazama na kuna harufu mbaya. Majani ya juu bado magumu. Jirani ananiambia una njaa niumwagie samadi, mwingine anasema niukate wote nianze upya, mimi roho inaniuma kwa sababu ndo kitu pekee bustanini kinachopendeza mwaka mzima bila kununua maji.

La pili, umetoa maotea mengi kuzunguka. Mengine yana milia kama mama yake, mengine kijani tupu kama mkonge wa kawaida, na kuna kamoja ni njano tupu karibu na nyeupe, kazuri sana kuliko yote. Nataka nipange mstari kutoka barazani mpaka getini, nichukue yapi? Na nyumbani kuna watoto wadogo ile miiba inanipa wasiwasi. Natanguliza shukrani.

mdau_nzega
Maji yamezidi hapo mkuu. Samadi achana nayo kabisa kwa sasa utauzika. Picha tafadhali.

MtotoWaTanga
Mimi nimekulia kambi ya mkonge Korogwe, mzee wangu alikuwa mkataji, kwa hiyo huu mmea nimeuona toka sijajua kusoma, wa kamba na wa maua ni ukoo mmoja na tabia zao zinafanana sana. Kwanza ondoa wazo kwamba una kiu au njaa. Jani la mkonge lenyewe ndo tangi la maji, na vile vitundu vyake vya hewa vinafunguka usiku kukishapoa halafu mchana jua likiwaka vinafungwa, ndo maana kiangazi cha Tabora cha kuanzia Mei mpaka Oktoba hakiusumbui. Usichoweza kukivumilia ni udongo wenye maji yaliyotuama. Mizizi yake ni myembamba na inatambaa juu juu, haizami mbali, udongo ukishiba maji hewa inaisha, mizizi inakufa, halafu ukungu unaingilia hapo na kupanda mpaka kwenye shina. Hayo majani laini unayoyaona ni dalili ya mwisho, kazi imeshafanyika chini siku nyingi.

Sasa nijibu haya kabla sijakwambia ufanye nini: umepandwa wapi hasa, udongo gani, na lile chipukizi la katikati kabisa, lile lililochongoka kama mkuki, ukilishika na kulitikisa linacheza au limekaza?

bustani_ipuli
Asante sana mkuu. Chipukizi la katikati limekaza, nimelitikisa asubuhi hii halichezi. Fundi aliyenipangia bustani aliuweka pembeni ya ukuta wa nyumba, bati linaishia karibu juu yake, mvua ikinyesha mchirizi wote unaanguka nusu mita hivi kutoka kwenye shina. Udongo juu ni kichanga lakini ukichimba kama nusu mita unakuta mfinyanzi mgumu, jembe linagoma, inabidi sululu. Na alichimba shimo refu akajaza samadi na udongo mweusi wa mbugani ndo akapanda.

mdau_nzega
Hapo umemaliza kila kitu. Shimo kwenye mfinyanzi, ndani udongo wa mbuga, juu mchirizi wa bati. Hilo ni bwawa.

MtotoWaTanga
Naam, sababu ni hiyo hiyo wala tusitafute nyingine. Shimo lililochimbwa kwenye mfinyanzi halina pa kutolea maji, mchirizi wa bati unalijaza, udongo wa mbuga nao ukishalowa unashika maji wiki nzima.

Habari njema ni kwamba chipukizi limekaza, maana yake moyo bado mzima. Ung'oe. Usisubiri mvua ziishe, mpaka Aprili hautakuwepo. Vaa glavu ngumu na shati la mikono mirefu, yale maji ya mkonge yanawasha sana ngozini, yana vijisindano vidogo ambavyo macho hayavioni, ukirukiwa osha kwa sabuni usijikune, na macho yako yalinde kwelikweli. Funga majani yote kwa kamba kuelekea juu yakae kama mwavuli uliokunjwa ndo uchimbe kuzunguka, hapo unaweza kuufikia bila kuchomwa.

Ukishautoa kata majani yote yaliyolegea, yakate mpaka kwenye shina usiache vipande. Halafu geuza uangalie kitako. Palipo na kahawia au palipolainika chonga kwa kisu kikali, futa kisu kwa spiriti kila ukikata, endelea kuchonga mpaka uone nyama nyeupe ngumu tupu bila hata doa. Hata kama mizizi yote imeisha usiogope. Paka majivu ya kuni yaliyopoa au unga wa salfa pale ulipokata, kisha uweke juu ya matofali sehemu yenye kivuli na upepo mvua isipofika, mpaka kidonda kikauke kiwe kigumu ukigonga kwa kucha kilie. Wiki mbili, wakati huu wa unyevu hata tatu.

Watu wanaogopa kuuacha mmea juu ya ardhi muda wote huo lakini kwa mkonge hiyo si kitu. Mkonge wa kwanza kufika Tanganyika uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, vikonyo, yaani vile vimche vidogo, 1,000 vilinunuliwa Florida vikapitishwa Ujerumani ndo vikapakiwa meli kuja huku, safari ya miezi, vilivyofika vikiwa hai ni 62 tu, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba makubwa ya Tanga yametokana na hivyo. Kama kikonyo cha ukubwa wa kidole kimevumilia hivyo, jimama lako lenye majani ya kilo na kilo litavumilia wiki tatu kwenye matofali.

mama_miche_gungu
Mimi nipo Kigoma, Gungu, nauza miche ya maua na ya kivuli. Kaka wa Tanga amesema vizuri nami naunga mkono, huku kwetu mvua ni nyingi kuliko Tabora na mkonge wa mapambo unakaa miaka bila shida kwa sababu tunapanda kwenye miteremko, maji yanapita hayakai. Mimi nataka kuzungumzia maotea maana naona hakuna aliyeyagusa.

Mwanangu, ile milia si ugonjwa wala haitokani na mbolea. Mmea mmoja umebeba tabaka mbili za aina tofauti, moja ina ule ukijani unaopika chakula kwa jua na nyingine haina, zimepangana ndo tunaona njano pembeni na kijani katikati. Otea likichipuka likiwa na tabaka zote mbili linafanana na mama. Likitokea upande wa kijani tu linakuwa kijani tupu maisha yake yote, hata uliweke juani au uliwekee dawa gani halirudi kuwa na milia. Na hako ka njano tupu ulikokapenda ndo kanakuuma bure, hakawezi kujipikia chakula, sasa hivi kanaishi kwa kunyonya kwa mama, siku ukikatenganisha kanaanza kusinyaa. Kaache hapo hapo kwa mama kapendeze kadiri kanavyoweza.

Ya kijani tupu yatoe mapema. Haya yana nguvu kuliko yenye milia kwa sababu jani lote linafanya kazi, ukiyaacha baada ya miaka michache utakuta kichaka cha kijani na wale wa milia wamefunikwa katikati. Na ukitaka mstari unaofanana mpaka getini usichukue otea lolote ilimradi lina njano. Geuza kila jani uangalie. Chukua lile ambalo kila jani lina ukingo wa njano kulia na kushoto, upana unaolingana. Yapo mengine jani moja lina nusu njano nusu kijani, linalofuata kijani tupu, hayo yanavutia machoni lakini hayatulii, mara nyingi yanaishia upande mmoja. Na mbegu usiitegemee kabisa kwa milia.

Ukubwa, subiri otea lifike kama urefu wa kiganja na vidole vyake, liwe na mizizi yake. Fukua taratibu ufuate ule mzizi mnene unaoliunganisha na mama, kata kwa kisu safi, liache kivulini mpaka kidonda kikauke, ndo upande.

bustani_ipuli
Shikamoo mama. Asante sana, hako ka njano nilikuwa nishakatafutia chungu kabisa. Sasa nauliza, samadi haifai kabisa au kidogo? Maana kichanga changu ni maskini kweli, hata mhogo unazaa kwa shida.

mama_miche_gungu
Marahaba mwanangu. Kiganja kimoja cha samadi iliyooza vizuri mwaka hadi mwaka, kiangazini si masika, inatosha. Ukizidisha majani yanajaa maji na kuwa laini, hapo mvua ikija uozo unaingia kirahisi.

MtotoWaTanga
Mama samahani, mimi hata hicho kiganja sikubaliani nacho kwa mmea unaotoka kuugua. Akae mwaka mzima bila samadi yoyote kwanza. Kichanga maskini cha Tabora kwa mkonge ni mahali pazuri, utakua polepole lakini majani yatakuwa mafupi, magumu na njano itakolea.

mama_miche_gungu
Kwa huo mgonjwa sawa, nakubali. Kwa maotea mapya yeye ataamua.

mnyamwezi_wa_cheyo
Naongezea mambo ya hapa hapa Tabora maana mazingira yetu yana visa vyake. Kwanza usiupande chini ya mwembe. Mji wetu miembe kila mahali na mtu anaona pale ndo penye nafasi, lakini kivulini njano inafifia, majani yanakuwa marefu na kulala, halafu majani ya mwembe yanaangukia katikati ya mkonge yanakaa pale yanashika maji, moyo unaoza kutokea juu.

Pili mchwa. Watu wa bustani wanashauri kuweka nyasi kavu kuzunguka mmea ili kutunza unyevu, kwa nyanya sawa, kwa mkonge hapa Tabora usithubutu. Nyasi zinaleta mchwa na mchwa wakishafika wanaanza na yale majani makavu ya chini, wanajenga udongo wao mpaka kwenye shina, na ndani ya ule udongo kuna unyevu muda wote. Weka kokoto ndogo badala ya nyasi, kama vidole vinne unene, shina liguse mawe lisiguse tope. Kokoto tena inafanya ile njano ionekane zaidi, nimeona nyumba moja wamemwaga kokoto za kijivu chini ni pazuri sana.

Tatu ukiutoa kwenye kivuli cha matofali usiupeleke moja kwa moja juani. Sehemu ya njano ya jani inaungua kuliko ya kijani, inatoa mabaka meupe makavu ambayo hayapotei mpaka jani lenyewe life. Upe jua la asubuhi kwanza, wiki kadhaa, ndo uusogeze.

mdau_nzega
Mwezi gani apande sasa?

mnyamwezi_wa_cheyo
Maotea mwishoni mwa masika, Aprili kuelekea Mei. Udongo bado una unyevu wa kutosha kuotesha mizizi halafu una kiangazi kizima mbele yake wa kujikita kabla ya mvua za Novemba. Ule mkubwa hana namna, akimaliza kuukausha apande tu lakini juu ya tuta.

MtotoWaTanga
Tuta ndo neno. Sahau shimo. Kwa kuwa chini una mfinyanzi, usichimbe kabisa, inua. Tafuta sehemu yenye jua mbali na mchirizi wa bati, mwaga mchanga mnene wa mto na kokoto na kichanga chako mwenyewe, nusu mchanga na iliyobaki uigawe, upate kilima cha goti hivi chenye upana wa mita mbili, zungushia mawe makubwa ili mvua isikisambaze. Kalisha mmea juu kabisa, kitako kiguse udongo tu usikifukie, hata kikionekana kama kinaning'inia shikilia kwa mawe matatu. Usimwagilie siku hiyo wala wiki hiyo. Baadaye kiangazi kikishakolea mpe lita kama tano kila wiki mbili kwa mwaka wa kwanza tu, akishajikita unaweza kusahau kabisa habari ya maji, na masika usimpe hata tone.

Jambo moja zaidi uangalie wakati unachonga kitako. Kama utakuta matundu na funza weupe wanene wasio na miguu, hiyo si ukungu peke yake, ni fukusi wa mkonge, kidudu cheusi chenye mdomo mrefu uliopinda. Anataga kwenye kitako cha majani, funza wanakula ndani kwa ndani na kubeba uozo, unakuja kushtuka siku mmea mzima unapolala. Mashambani Tanga anajulikana sana. Ukimkuta huo mmea uchome moto wala usiutupe jalalani, okoa maotea ambayo ni masafi tu.

mama_miche_gungu
Huyo fukusi sisi wa migomba tunamjua ndugu yake, tabia zile zile. Kweli kabisa, achome.

bustani_ipuli
Wakuu nimerudi. Jana jumamosi tumeung'oa na kijana mmoja, tulifunga majani kwa kamba kama alivyosema kaka wa Tanga na kazi ikawa nyepesi. Funza hakuna hata mmoja, nimechungulia kila mahali. Upande wa ukuta pale mchirizi ulipokuwa unaangukia mizizi yote ilikuwa myeusi, ukiivuta ganda linabaki mkononi na ndani kunabaki uzi tu. Upande wa pili ina rangi ya kahawia hafifu na migumu kabisa. Nimechonga kitako kama bakuli, nimefika kwenye nyeupe. Kitu kilichonishangaza ni nyuma ya majani mazima, kuna alama za meno zimechorwa safi kabisa kuanzia chini mpaka juu, nikadhani wadudu.

MtotoWaTanga
Hapana hizo ni alama za jani jirani. Majani yakiwa bado yamekunjwa pamoja pale katikati yanabanana sana, miiba ya pembeni ya moja inajichora kwenye mgongo wa mwenzake, yakifunguka alama inabaki milele. Ndo urembo wenyewe huo. Pia ule unga mweupe kwenye majani usiufute kwa kitambaa, unalikinga jani lisipoteze maji.

Kazi nzuri umefanya. Acha kitako kitazame pembeni upepo ukipite, usikilaze chini.

bustani_ipuli
Nashukuru sana. Bado suala la watoto na miiba. Na nimesikia ukitoa ua unakufa, ni kweli?

mama_miche_gungu
Miiba ya ncha unaikata. Chukua koleo au mkasi wa kukatia maua, kata ule mwiba mweusi wa mwisho tu, uache kidogo cha ule weusi usifike kwenye kijani, ukigusa kijani ncha inakauka na kurudi nyuma jani linakuwa baya. Ile midogo ya pembeni huwezi kuimaliza, kwa hiyo wa kwanza usiupande chini ya mita moja na nusu kutoka kwenye njia, otea leo ni dogo lakini likikomaa linataka mita mbili za upana. Pale karibu kabisa na baraza wanapocheza watoto ningekushauri utafute aina nyingine, Agave attenuata, majani yake laini hayana mwiba hata mmoja.

Kuhusu ua ni kweli, linatoka mara moja tu. Miaka 10, 20, mwingine 25, unatoa mlingoti mrefu kupita paa la nyumba, baada ya hapo mama anakauka. Ndo maana maotea tunayatunza, yeye anaondoka watoto wamebaki. Ukiona katikati panaanza kutoka kitu kama bua nene la asparaga usilikate ukidhani utauokoa, ulishaamua.

MtotoWaTanga
Kweli, kukata mlingoti hakurudishi kitu. Hata mkonge wa kamba ukishatoa mlingoti shamba linang'olewa.

Na kama unataka rangi nyingine kwenye mstari wako tafuta ule wenye kingo nyeupe, Agave angustifolia marginata, unakuwa mdogo zaidi, duara kabisa kama mpira wa mikuki. Angustifolia huo huo, ule usio na milia, ndo mmoja wa mababu wa mkonge chotara namba 11648 uliozalishwa kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, ambao umepandwa mashamba mengi ya Tanga. Kwa hiyo ni ndugu wa damu wa mkonge wa kazi, ukame unauweza.

bustani_ipuli
Mama wa Gungu huo wa kingo nyeupe unao? Nikiagiza utafika salama?

mama_miche_gungu
Ninao, na attenuata ninazo chache. Nitakutumia inbox tuelewane. Nitakuwekea kwenye treni, ni mmea wa kusafiri huo, nautoa kwenye udongo, napukuta mizizi yote, naufunga na gazeti kavu ndani ya boksi lenye matundu. Ukifika usiuweke kwenye nailoni na usiukimbilie na maji, ufungue uuweke kivulini kidogo. Lakini si sasa, tusubiri Aprili mvua zikielekea kuisha, wakati huo na huo mkubwa wako utakuwa umeshaonyesha kama umeshika.